Katuni ya Wachumba Saba

Katuni ile ilikuwa mbovu, na kila aliyeiona mjini Kasulu alisema hivyo. Mwenye banda la video la sokoni aliionyesha mara moja tu. Vijana walikuwa wamekuja kuona watu wakirushiana mateke. Badala yake wakaonyeshwa kijana mmoja dhaifu, macho makubwa kama visahani, anakimbizwa na wasichana saba wenye nywele za rangi ya soda. Wakapiga mbao za banda kwa viatu mpaka mwenyewe akaizima. Kanda ikakaa wiki nzima juu ya meza yake bila mtu wa kuitaka, mpaka mume wa mama yangu mdogo alipoichukua bure akaileta nyumbani ili, kama alivyosema, wanawake wapate cha kutazama.

Nimeishi miji mingi tangu wakati huo. Nimekaa Kahama, Mpanda, Tunduma, na mingine niliyohama kabla sijazoea njia ya kwenda kisimani. Kote huko nimetazama picha, nzuri na mbaya. Sijacheka tena kama nilivyocheka mwezi ule wa sita, na sijakiogopa tena kicheko changu mwenyewe namna ile.

Nilikuwa kidato cha pili, likizoni. Kwetu ni Heru Juu, mwendo wa asubuhi moja kwa mguu, lakini nilikaa mjini kwa mama mdogo ili niwe karibu na shule. Mama mdogo alikuwa mke wa pili wa mfanyabiashara wa maharage ambaye wazee wake walitoka pwani. Alibadili dini ili aolewe. Bibi yangu alinuna mwaka mzima, halafu akanyamaza. Mke wa kwanza alikuwa mtu wa Tanga, mwanamke wa miaka hamsini hivi, na sote tulimwita Bi Mkubwa, hata mama mdogo. Mume wao tulimwita Bwana. Nyumba ilikuwa moja na ua mmoja, vyumba mbalimbali, zamu zinajulikana. Wake wale hawakuwa marafiki wala maadui. Waliazimana chumvi, wakarudishiana.

Wa nne wetu alikuwa dada mmoja mkimbizi kutoka Burundi, wa miaka ishirini na kidogo. Alikuwa ametoka kambini bila kibali, akawa anafua na kuosha vyombo kwetu. Kirundi na Kiha havipishani sana. Ukimwita aliitika "ego" kama mtu wa kwetu, na majirani wengi walidhani ni ndugu wa mama mdogo. Kwao alikuwa amekaribia kumaliza sekondari, kwa Kifaransa. Hapo ndipo katuni ilipomhitaji. Kanda ilizungumza Kifaransa kitupu, na katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyekielewa.

Mji wakati ule haukuwa na umeme wa nguzo. Dukani kwa Bwana kulikuwa na jenereta iliyowashwa saa nane mchana ili friji ya soda ipate baridi, na waya mmoja ulipita juu ya ukuta ukaingia ukumbini kwetu. Saa kumi jenereta ilizimwa. Picha ilijikunja, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, ikafa. Kwa hiyo tulikuwa na saa mbili tu, na ili tusionekane tumekaa bure tulikaa na kazi. Ulikuwa msimu wa maharage. Magunia yalishushwa ukumbini, nasi tulichambua kwa ungo: mazima huku, yaliyotobolewa na wadudu kule, mawe yakawekwa dirishani. Mikono iliijua kazi yake yenyewe. Macho yalikuwa huru.

Nje, vilima vyote vilikuwa vinachomwa. Mwezi wa sita watu wetu huchoma nyasi, na mwaka ule moshi ulikaa juu ya mji kama mgeni asiyeaga. Masizi yaliangukia nguo kwenye kamba. Jua lilikuwa jekundu hata mchana. Na pamoja na moshi kulikuwa na maneno ya msako. Ilisemwa kwamba wakimbizi wote wanaoishi mitaani bila kibali watakusanywa warudishwe kambini, na wengine, ikategemea nani anasimulia, watapelekwa Manyovu wavushwe mpaka. Kila siku mtu alikuja dukani na habari kwamba ni kesho. Mgambo wawili walionekana wakipita mtaa wetu polepole, wakitazama milango.

Ndani, sisi tulikuwa tunacheka.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mmoja, mzembe wa masomo, anatumbukia kisimani na kuibukia katika nchi ya majoka na wachawi. Kidoleni ana pete isiyovulika, na kwa sababu ya pete hiyo wasichana saba wanaamini kila mmoja kwamba ndiye mchumba aliyeahidiwa. Kuna binti wa mfalme. Kuna mwenye masikio ya paka. Kuna anayetembea na shoka, na kuna mtoto wa joka ambaye akishikwa na wivu anatema moto na kuchoma mapazia. Yule kijana hafanyi lolote. Msichana akimkaribia, damu inamtoka puani kama bomba, anazirai, basi. Siku ya kwanza mama mdogo alimhurumia, akasema huyo apelekwe zahanati. Dada mwenyewe hakujua kwa nini damu ile inatoka. Alisema katika maneno hakuna anayeieleza. Kuanzia siku ile tukamwita Bwana Pua.

Bi Mkubwa aliitazama kwa muda, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Halafu akauliza wanapika wapi.

"Nani, Mama?" dada akauliza.

"Hawa saba. Sioni jiko. Sioni hata ukuni mmoja. Mume mmoja, wanawake saba, na hakuna anayemenya kitunguu."

"Na zamu zao je?" mama mdogo akadakia. "Huyu wa nywele za pinki yupo kila siku. Wenzake wamekubali?"

"Huyo kawaroga wenzake. Mtazame macho."

Tuliicheka kwa sababu watu waliokuwa wameishi ukewenza waliona mara moja kwamba mchoraji hajawahi kuuona hata dirishani. Tuliicheka pia kwa uvivu wake. Farasi mmoja alikimbia mbele ya mti mmoja katika kila safari, na mama mdogo alijifunza kuusalimu ule mti. Nywele za kijani ziligeuka buluu na kurudi kijani. Midomo ilifunguka wakati hakuna anayesema, na wakati mwingine sauti ilisikika huku midomo yote imefungwa. Msichana wa saba ndiye aliyechorwa vibaya kuliko wote. Alikuwa mtumishi wa ngome, nywele za majivu, hana pambo lolote. Alisimama nyuma ya wengine ameshika sinia. Nadhani wachoraji walimsahau. Mara chache sauti yake ilitoka, fupi, na mdomo wake haukutikisika kabisa.

Siku ya nne au ya tano, asubuhi, mimi na dada tulikuwa tunasugua masufuria kwa majivu uani. Akaniambia jambo, kwa sauti ya chini, mikono yake ikiendelea na kazi. Bwana alikuwa amemfuata kwenye stoo ya maharage. Hakumgusa. Alisimama mlangoni anatafuna iliki kama kawaida yake, akamwambia anataka kumwoa awe mke wa tatu, kwa halali. Siku ile anaondoka na mzigo kwenda Kigoma, na kutoka pale kwa treni mpaka Dar es Salaam. Atakuwa safarini siku kumi na mbili. Akirudi anataka jibu.

"Alisema nikikataa hatanilazimisha," dada akaniambia. "Alisema tu kwamba watu wa msako wakija, yeye hatakuwa na la kuwaambia."

Nikamuuliza atafanyaje. Akasema hamtaki yule mzee. Kambini alikotoka hawezi kurudi, na Manyovu ndiko alikopita akikimbia, hataki kupaona tena. Alikuwa na dada yake wa tumbo moja kwenye kambi nyingine, upande wa Kibondo. Angefika kwake wangeishi. Lakini barabara ya Kibondo ilikuwa na vizuizi, na yeye hakuwa na karatasi wala mtu wa kumsemea. Kisha akaniapisha nisimwambie mama mdogo.

Niliapa upesi. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninakula kwa Bwana, ninasomeshwa na Bwana, na neno lile lilikuwa zito kuliko mimi.

Mchana ule Bwana aliondoka. Alinipa pipi, akamwambia mama mdogo maneno ya kwaheri, akamwachia Bi Mkubwa funguo. Kwa dada hakusema kitu. Alimtazama tu kidogo akiwa anapanda gari, kwa upole, kama mtu anayetazama shamba lake kabla ya kwenda safari.

Kesho yake, saa nane na nusu hivi, msichana wa saba akaanza kusema.

Bwana Pua alikuwa amepita karibu naye, na kwa Kifaransa zikatoka sauti mbili tatu, fupi. Dada akatafsiri, na tafsiri ikawa ndefu. Alisema kijana anamwambia mtumishi: naenda vitani, nikirudi nataka jibu. Ukikataa sikulazimishi. Ila maadui wakija langoni, mimi sitakuwa na la kuwaambia.

Niliacha kuchambua. Yalikuwa maneno yale yale.

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema kumbe Bwana Pua naye mjanja, anawakimbia wenye shoka na masikio ya paka, anakwenda kumtisha mwenye sinia. Bi Mkubwa alicheka pia. Na mimi, ambaye nilijua, nilisikia kicheko kinanitoka, kwa sababu kwenye kioo damu ilikuwa imeruka tena na yule mjinga alikuwa chini miguu juu. Dada alitabasamu. Aliendelea kuchagua mawe.

Iliendelea hivyo siku baada ya siku. Kanda ilikuwa moja, tuliirudia na kuirudia, na farasi yule yule alikimbia mbele ya mti ule ule, lakini hadithi ya msichana wa saba ilisogea mbele kila siku. Wenzangu hawakushangaa. Walidhani kwamba mara ya kwanza hawakusikiliza vizuri. Tukajua kwamba hakuzaliwa pale ngomeni. Tukajua kwamba alifika kwa miguu siku tatu, na kwamba nyuma yake kulikuwa na nyumba iliyokuwa inaungua. Tukajua anahesabu siku. Zimebaki nane. Zimebaki saba. Mama mdogo alianza kumwonea huruma na kumcheka kwa pamoja. Alimwita "yule bibi arusi wa kuchelewa". Sauti ya dada haikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Angelia ningeelewa. Lakini alitafsiri kama mtu anayesoma risala shuleni, na sisi tukacheka, na nje moshi ukazidi.

Mtaa wa tatu kutoka kwetu watu wa msako wakamchukua fundi cherehani, naye mkimbizi. Tulikuwa tukimjua kwa miaka miwili. Alinishonea sketi ya shule. Asubuhi cherehani yake ilikuwa barazani, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano, na mwenyewe hayupo.

Zilipobaki siku sita Bwana arudi, dada alisema katika tafsiri yake: "Sasa anatafuna iliki."

Kwenye kioo Bwana Pua hakuwa anatafuna kitu. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa ngome, mdomo wazi, kama mara zote.

"Iliki," mama mdogo akarudia. "Kama mwenye nyumba hii." Akaangua kicheko mpaka ungo ukamteleza, maharage yakatawanyika chini ya makochi.

Mimi nilipiga magoti kuyaokota. Nilipoinua kichwa niliona miguu ya Bi Mkubwa haitikisiki. Alikuwa anacheka kwa mwili mzima siku zote, vidole vya miguu vikipiga mkeka. Sasa vilikuwa vimetulia. Hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa anamtazama dada, na dada alikuwa ameinamisha kichwa juu ya ungo wake.

Jioni Bi Mkubwa alikula kidogo, akaswali, akalala mapema.

Kesho yake alikaa mahali pengine, karibu na kioo. Alimwachia dada atafsiri mpaka msichana wa saba alipoonekana na sinia yake. Hapo akanyoosha kidole.

"Hebu niulizie huyo," akasema. "Anamtaka huyo mwanamume?"

Mama mdogo alifurahi. Aliona ni mchezo mpya. Dada alitega sikio kama anayesikiliza Kifaransa, ingawa kwenye kioo wakati ule kulikuwa na muziki tu.

"Hamtaki, Mama."

"Hata kidogo? Hata kwa nyumba nzuri, hata kwa nguo?"

"Hata kidogo."

"Basi mbona haondoki?"

"Njia ina walinzi. Na hana pete ya kuwaonyesha."

"Ana ndugu?"

"Ana dada yake. Yuko ngome nyingine, upande wa kaskazini. Lori likipita linafika kabla ya jua kuzama."

Mama mdogo akasema, "Kumbe huko nako wana malori," akacheka. Bi Mkubwa akarudi nyuma akaegemea ukuta. Alichukua konzi ya maharage akayapitisha kwenye vidole, moja moja, kwa muda mrefu.

"Mwambie," akasema mwishoni, "asiseme tena na mtu. Aendelee kushika sinia."

Jioni ile alinituma kwa kijana mmoja dereva, mtu wa kwao Tanga, aliyemwita shangazi. Lori lake lilipeleka sabuni na chumvi Kibondo kila wiki. Nilipeleka ujumbe kwamba shangazi ana mgonjwa wa jino wa kupelekwa kwa ndugu, na mgonjwa hawezi kufumbua mdomo. Dereva alinitazama, akatazama barabara, akauliza jino hilo linauma tangu lini. Nikasema sijui. Akasema alfajiri ya siku ya tatu, awe tayari, asibebe sanduku. Kizuizi kikubwa kiko kabla ya kuingia Kibondo mjini. Yeye atamshusha Kitahana, na kutoka hapo atakatiza mashambani mwenyewe.

Siku mbili zile tulichambua maharage na kutazama katuni kama kawaida. Bi Mkubwa ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema nyumba ikinyamaza ghafla watu husikia. Kwa hiyo tulicheka kwa makusudi, sisi watatu, na mama mdogo peke yake akacheka kwa kweli. Mgambo wakapita tena. Mmoja alisimama dirishani, akatazama kioo, akauliza huyo kijana damu ile inatoka kwa nini.

"Hata sisi hatujui," mama mdogo akamwambia. "Muulize huyu, ndiye mwenye lugha."

Akamwelekezea dada kidole. Alisema bila nia mbaya, katikati ya kicheko. Yule mgambo alimtazama dada, akauliza ni lugha gani hiyo. Bi Mkubwa akajibu kabla ya mtu mwingine, kwamba ni Kifaransa, kwamba mtoto huyu kasomea Kigoma kwa masista, na je, afande atakunywa soda? Alikunywa soda. Alikaa mpaka ikaisha. Akaondoka, akageuka nyuma mara mbili.

Usiku wa kuamkia safari nililala nusu nusu. Kabla ya adhana niliamka nikakuta taa ya kandili uani. Bi Mkubwa alikuwa anamfunga dada kitambaa kutoka tayani mpaka utosini, kama mtu aliyevimba jino, na baibui lake jeusi lilikuwa juu ya kigoda. Mlango wa mama mdogo ukafunguka.

Alitazama kitambaa. Alitazama baibui. Alinitazama mimi, na nadhani kwangu ndiko alikosoma, maana sikujua kuficha uso. Nikaona siku zote zile zinarudi machoni mwake, moja baada ya nyingine: jibu, iliki, lori.

"Ulikuwa unanichekesha," akamwambia dada. "Siku zote hizi. Ulikuwa unanichekesha na mume wangu."

Dada hakuweza kujibu. Kitambaa kilikuwa kimembana. Bi Mkubwa akasema apunguze sauti. Mama mdogo akasema hapunguzi, anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa sasa hivi. Akasema mwenye kufuata mume wa mtu na aende alikotoka.

"Hamtaki," Bi Mkubwa akasema. "Ndiyo sababu anaondoka. Ukienda kwa mwenyekiti watamshusha Manyovu. Nenda basi, mlango huo."

Mama mdogo alikwenda mpaka mlangoni. Akashika komeo. Mimi sikusogea, na hilo ninalo mpaka leo. Bi Mkubwa alinisukuma niende nje kuangalia kama lori limefika. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Baridi ya kwetu ya mwezi wa sita ilikuwa inauma, na lori lilikuwa pale, limezimwa taa. Niliporudi, dada alikuwa anatoka amevaa baibui, na mama mdogo alikuwa nyuma yake, karibu sana, kama anayemsindikiza au anayemsukuma. Walisema maneno ambayo sikuyasikia. Dada alipanda kati ya maboksi ya sabuni. Lori likawaka.

Tulikuwa tumehesabu kwamba zimebaki siku mbili kabla ya Bwana kurudi. Alirudi siku ile ile, saa nne asubuhi.

Mzigo ulikuwa umenunuliwa wote Kigoma, hakuhitaji kupanda treni. Aliingia na vumbi lake, akatusalimia, akakaa. Alikuwa mchangamfu. Akaomba maji, na nilipomletea mimi akauliza kwa upole mbona naleta mimi. Nikasema dada hayupo. Akaniuliza yuko wapi. Nikasema nilikuwa nimelala.

Alimgeukia Bi Mkubwa. Yeye akasema mfanyakazi akitoka haagi, na kwamba hakuwekwa kulinda watu. Bwana alimtazama kwa muda, akatabasamu. Walikuwa wameoana miaka thelathini. Alijua kwamba anadanganywa, ila hakujua wapi. Akatoa iliki kwenye kikaratasi. Gari lake lilikuwa nje, injini bado ya moto. Lori la sabuni husimama kila kijiji. Kwa saa ile lilikuwa halijafika nusu ya njia, na mtu mwenye gari dogo angelifikia kabla ya adhuhuri. Sote ukumbini tulilijua hilo, ila yeye.

Akamgeukia mama mdogo.

Nataka kusema kwamba aliuliza kwa kufoka, lakini sivyo. Alimuuliza kama mtu anayeuliza chai imechemka. Na alimuuliza yeye kwa sababu mama mdogo hakuwa na historia ya kumficha kitu. Alikuwa mke wa kusema. Kama angechukia, angesema. Kama angejua, angesema.

Mama mdogo alikuwa na ungo mapajani. Aliuweka chini.

"Nilimfukuza," akasema. "Nilisikia unamtaka. Nikamwambia arudi kwao. Kaelekea Manyovu tangu alfajiri."

Bwana alitafuna iliki kidogo. Kisha akainuka, akachukua funguo, na tukasikia gari likigeuzwa kuelekea magharibi, njia ya Manyovu. Bi Mkubwa akatoka ukutani alipokuwa ameegemea, akakaa mkekani, bega lake likigusana na la mama mdogo. Sikuwahi kuwaona wamekaa hivyo. Hakuna aliyewasha televisheni. Tulichambua maharage mpaka gunia likaisha, tukafungua lingine.

Alirudi baada ya alasiri. Hakupiga mtu, hakupaza sauti. Alioga, akaswali, akamwita mama mdogo, akamwambia amechoka, akapumzike kwao kidogo. Na mtoto wa dada yake, yaani mimi, naye aende, asaidie. Mama mdogo akauliza kidogo ni siku ngapi. Bwana akasema watazungumza.

Hawakuzungumza. Talaka ililetwa Heru Juu kabla ya mvua, na mimi shule niliimalizia mbali, kwa ndugu mwingine, na tangu hapo sijapata kukaa mahali nikapaita kwangu.

Lakini asubuhi ile ya kuondoka Bi Mkubwa alitusindikiza mpaka mwisho wa mtaa. Basi la Kibondo lilikuwa limeingia, na utingo wake alikuwa amemletea salamu za dereva: mgonjwa wa jino ameshuka Kitahana, amevuka shamba la mahindi, ameonekana upande wa pili. Zaidi ya hapo hakujua. Mama mdogo alisikiliza, mzigo ukiwa kichwani.

Tulipanda kilima cha kwanza. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na watu walitokea mbele yetu ghafla, wakasalimu, wakapotea. Nilikuwa na swali kifuani, na mwishoni nikaliuliza. Nikamuuliza kwa nini alimdanganya Bwana.

"Sikumdanganya," akasema. "Pale mlangoni nilimwambia yule ondoka, na usirudi, na sitaki kukuona. Nilimfukuza kweli." Akaupanga vizuri mzigo wake. "Kasoro njia tu."